Ukuta haujakauka, mteja anataka rangi

"Fundi, umenipiga." Hivyo ndivyo alivyonianza mama mmoja wa Makorora juzi, bila hata salamu, na kwa mtu wa Tanga kukosa salamu ni zito kuliko tusi. Nikaenda kuona. Rangi ya sebuleni imevimba malengelenge, na karibu na sakafu chumvi nyeupe imechanua kama unga uliomwagika. Ana haki ya kukasirika. Ila tulipopaka, maji ya masika yalikuwa na wiki mbili tu tangu yatoke ndani. Nilimwambia asubiri, akasema harusi ya binti yake ni Jumamosi. Nikapaka. Kosa langu ni hilo, nilikubali.

Sasa sipaki ukuta uliolowa hata uniongeze hela.

Tofali la saruji likikaa majini usiku mmoja linakunywa. Plasta ya juu inawahi kukauka, unapapasa unaona pakavu, kumbe ndani bado. Ule unyevu lazima utoke, na ukitoka unakuja na chumvi. Ukiuzibia njia kwa rangi ya mafuta, unyevu unaibandua rangi yenyewe. Huku pwani kuna na nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa. Hizo chumvi yake ilikuwamo kabla ya mafuriko.

Usiniamini mimi, pima. Kata nailoni nzito kipande kama karatasi mbili za daftari, kibandike ukutani kwa seloteipu pande zote, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ukutani, bado. Na kama seloteipu yenyewe inagoma kushika, jibu umeshapata.

Halafu inakuja ile ya bei: "Mbona kijana wa mtaa wa pili anachukua nusu?" Kijana anapiga niru juu ya uchafu, siku mbili kamaliza, kaondoka. Sisi tunabandua plasta mpaka shubiri mbili juu ya alama ya maji, kwa sababu maji hupanda ndani ya ukuta kupita pale unapoyaona. Chumvi tunaikwangua kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka, inarudi ndani. Tunafungua madirisha, tunaweka feni, tunangoja wiki kadhaa, tunakuja kupima tena. Hizo safari ndizo watu wanaziita "kulipwa kwa kukaa bure". Ndipo plasta mpya kwa mchanga wa mto, na rangi ya maji.

Kuna bwana mmoja wa Duga aliona dawa ni vigae. Akafunika ukuta uliolowa mpaka usawa wa kiuno, na kwa kweli vilipendeza. Unyevu ukapanda nyuma ya vigae ukatokea juu yake, pembeni ya swichi, na fremu ya mlango ikavimba hadi mlango haufungi. Kalipia vigae, kalipia kuving'oa, kisha katulipa sisi.

Kwa swichi na soketi zilizozama hatuna mjadala: zima meni swichi, kama huifikii bila kukanyaga maji iache, mwite fundi umeme mwenye leseni. Hatugusi ukuta kabla yake.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotangazwa, simu yangu haikupumzika. Kila mtu anataka viroba vya mchanga mlangoni, leo leo. Hao hao Februari nikiwaambia tuzibue mtaro na tuondoe majani kwenye gata, wananiona natafuta hela ya kula. Kuzibua mtaro ndiyo kazi yetu ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo hawaitaki.

Mama wa Makorora tumeelewana: yeye kanunua saruji na mchanga, ufundi ni wangu. Plasta tumeshaibandua. Nailoni nimeibandika jana jioni nyuma ya kabati la vyombo, na leo adhuhuri kanipigia, safari hii kwa salamu ndefu, kuniambia bado ina matone.