Barua kwa mama mdogo: ile meseji niliiona

Shikamoo mama mdogo.

Kutoka kibandani kwangu ninapochajia watu simu mpaka kwako hata muwa hauishi unakuwa umefika, kwaiyo najua utashangaa kwanini naandika badala ya kuja tukae mkekani tuongee. Nimekuja mara tatu. Zote tatu tumeongea bei ya korosho kwenye mnada wa TANECU, chama chetu cha ushirika, mbuzi wa jirani, mvua, nikanywa maji nikaondoka. Mdomo mzito. We ni mama yangu na mambo haya mtoto hamwanzii mama yake. Basi naandika huku, jina lako sitaji, kijiji sitaji, na vitu viwili vitatu nimevigeuza makusudi ili hata wanaokujua wakisoma wabishane kama ni wewe au mwingine.

Ile meseji niliiona.

Ilikuwa mwezi wa sita, watu wako kwenye salfa, wanapulizia mikorosho. Mezani kulikuwa na simu ishirini na kitu zinachaji, kila moja na kibandiko chake, yako namba 14, ile ya tachi aliyokuletea mwanao kutoka Dar, kioo kimepasuka kona. Ikalia. Kioo kikawaka na maneno yakajimwaga yote juu bila mtu kugusa kitu, simu yenyewe hata haijafunguliwa: unakumbushwa kufika CTC, ile kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, tarehe fulani, usiache kumeza dawa zako, na jina la kituo limewekwa kabisa. Mbele yangu alikuwa amesimama kijana katoka kupuliza, nyusi zote njano kwa salfa, kainama anatafuta simu yake, uso wake na kioo chako ni shubiri moja tu. Nikaweka kiganja juu nikajifanya naitoa kwenye waya imejaa. Mpaka leo sijui kama alisoma. Nadhani hakusoma, alikuwa anapiga chafya. Lakini ulipokuja jioni ukaikuta simu yako imelala kifudifudi peke yake pembeni, zingine zote zinaangalia juu, ukaniangalia, na mimi badala ya kukuangalia nikaanza kuhesabu mia tatu uliyonipa kama vile ni laki tatu. Hapo ndo nilipokosea, na hilo naomba unisamehe kabla sijaendelea.

Tangu siku ile hujaleta simu. Ming'oko ya kuchemsha uliyokuwa unaniletea na pilipili kwenye kile kibakuli cha bluu ikakatika, nikajua nimenuniwa. Namba yako nikipiga haipatikani, kumbe laini umeivunja. Halafu nikaanza kujumlisha vitu ambavyo zamani sikuvijumlisha, ile safari yako ya kila miezi mitatu na Hiace ya alfajiri, unasema unafuata hela ya kikundi, kikundi gani hicho mama mdogo kinagawa hela kwa ratiba kuliko serikali, sikuwahi kujiuliza. Mwezi wa sita hukupanda. Mwezi wa tisa gari imepita hapa nimeiangalia mpaka ikaishia kwenye vumbi, hukupanda. Sa hivi wa kumi na moja, tunaokota korosho, nakuona kwa mbali unainama unashika kiuno, unakohoa, na mimi ninayejua nipo hapa nachaji simu za watu.

Kwanini ulikuwa unaenda mbali hivo wakati huduma ipo jirani, hilo hunihitaji nikuulize. Ule utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta Njombe watu wazima wenye virusi ni asilimia 11.4, wakati Lindi hapo jirani zetu haikufika hata asilimia moja. Wenyewe viongozi wanafurahia takwimu kama hiyo na mimi nafurahi, ila naona ina upande wake mwingine ambao hausemwi. Njombe ukiingia mlango wa CTC unakuta foleni, kuna mwalimu, kuna dereva, kuna mama wa kanisani, mnasalimiana yanaisha. Huku kwetu kusini mtu mmoja akionekana kwenye benchi lile ni habari ya wiki nzima, inatoka kisimani inafika mnadani. Sheria ipo tangu 2008 inasema hali ya mtu ni siri, lakini sheria haikai kisimani.

Kwaiyo mtu umejificha miaka, umepanda Hiace miaka, umetunga kikundi, halafu anakuja mtu na kompyuta yake mjini anakutumia meseji inayokuanika mbele ya kijana wa salfa kwa sekunde nne. Mimi nilikasirika, na nimekasirika kwa niaba yako bila kuombwa. Aliyeandika ile meseji nadhani hakuwa na nia mbaya, aliona kwenye orodha yake kuna namba ya simu akadhani simu ni kama mswaki, kila mtu na wake. Huku simu ni kama jembe. Inaazimwa, mtoto anachezea gemu, mume anapekua, na zaidi inalala kwangu mchana kutwa kwa sababu nyumba nyingi nguzo zimefika lakini waya haujavutwa. Zile meseji za Wazazi Nipendeni za 15001 zilizoanza 2012 hazikumdhuru mtu, mimba inajionyesha yenyewe tumboni. Hii siyo mimba.

Nikawa usiku nanunua bando nasoma, maana nilitaka kujua kama hizi meseji za dawa zinamsaidia mtu kweli au ni kujaza ripoti tu. Nikakuta jambo ambalo ndo limenifanya niandike. Kenya walijaribu kuanzia 2007, kliniki tatu, watu 538, matokeo yakatoka 2010. Nusu ya watu nesi alikuwa anawatumia meseji mara moja kwa wiki, na meseji yenyewe mama mdogo ni neno moja: Mambo? Basi. Haina dawa, haina CTC, haina tarehe. Mtu anajibu Sawa au anajibu Shida, anapewa saa 48, akisema shida au akikaa kimya anapigiwa simu na mtu mzima mwenye sauti anamuuliza kuna nini. Baada ya mwaka, waliokuwa wanaulizwa Mambo virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 yao, ambao hawakuulizwa ni 48. Sio muujiza, lakini ni watu.

Wengine hukohuko Kenya, matokeo yao ya 2011, wakalinganisha wanaokumbushwa kila siku na wanaokumbushwa kila wiki. Mara moja kwa wiki ilisaidia. Ya kila siku haikusaidia kitu, na kurefusha meseji kwa maneno ya kutia moyo nako hakukuongeza kitu, nilicheka sana hapo maana nilimkumbuka baba mkwe wangu na hotuba zake. Na kusema ukweli wote, Kameruni walijaribu pale Yaoundé na watu 200, meseji za kila wiki, baada ya miezi sita hawakuona tofauti yoyote kwenye umezaji wa dawa. Kwaiyo simu peke yake sio dawa. Mimi naona kilichofanya kazi kule Kenya sio kengele ya kukumbusha, jogoo anatosha kumkumbusha mtu asubuhi. Ni kwamba kuna mtu anauliza na anasubiri jibu.

Na hapo ndo nikakumbuka kitu kuhusu wewe. Wewe dawa ulikuwa humezi kwa kukumbushwa, wewe ratiba yako ilikuwa kali kuliko ya Hiace. Lini mtu alikuuliza umelalaje? Shirika la Afya Duniani lina dodoso lao la kupima maisha ya mtu mwenye virusi, sio damu, maisha. Maswali 31. Nimeyasoma yote. Linauliza unalala vizuri, hela inakutosha, usafiri unaupataje, marafiki wanakusaidia, unasumbuka kiasi gani watu wakikulaumu kwa hali yako, unaogopa mbele, unawaza kufa. Nikiwa nasoma najaribu kukujibia, na swali la usafiri nikaweza, la hela nikaweza, la usingizi nikashindwa. Nakuona kila siku miaka yote hii na sijui kama mama yangu mdogo analala.

Sasa tuje kwenye vitu vya kushika mkononi.

Kwanza kurudi. Najua unachoogopa ni kusemwa, tarehe mbili zimepita, pengine yupo atakayekunja uso. Avumiliwe tu, akimaliza kukunja atakufungulia faili. Usianze mwenyewe na vidonge vilivyobaki kabatini, nenda wakupime kwanza, wakisikilize na hicho kikohozi, usiwafiche. Dawa ya sa hivi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, hii TLD iliyoanza kutolewa 2019, na ukikaa nayo vizuri virusi vikawa havionekani kwenye kipimo basi humwambukizi mwenzio kitandani, hilo Shirika la Afya limelisema wazi, na nalisema hapa kwa sababu baba mdogo naye ni mtu na najua nusu ya hofu yako ipo kwake. Ukishatulia waulize kuhusu kupewa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Hiace mbili kwa mwaka badala ya nne, hata kile kikundi chako kitaaminika zaidi.

Pili, ukifika waambie meseji hutaki, au wakutumie isiyotaja kitu. Una haki ya kusema hivo, ni simu yako. Kama wakiuliza unatakaje, waambie wapige saa mbili usiku wakati simu iko kwako, au watume salamu tupu.

Tatu ni kazi yangu. Laini njoo tuirinyuu, namba ileile, lete namba ya NIDA na kidole chako tu, sitauliza ilipotelea wapi. Hiyo simu ya tachi kuna sehemu kwenye mipangilio, upande wa arifa, unazima maneno yasionekane kioo kikiwa kimefungwa, inabaki tu kwamba kuna meseji. Dakika mbili. Nimeshawafanyia wateja kumi na mbili tangu mwezi wa sita, wote nawaambia ni kwa ajili ya wezi wa hela za korosho, hakuna aliyeuliza mara mbili. Na simu zote mezani sa hivi nazilaza kifudifudi, zote, ya mwenyekiti, ya mwalimu, ya vijana, mtu akiuliza nasema kioo kinaokoa chaji. Uongo mtupu lakini umekubalika. Wenye vibanda wenzangu wa Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea mnaosoma hii, fanyeni hivo.

Na kuhusu ile Mambo ya Wakenya, mimi siwezi kukuandikia Mambo, utanirushia ndala. Tutafanya yetu. Kila Jumatatu nitakutumia Shikamoo mama mdogo, kama mtoto yeyote mwenye adabu, hata akiisoma nani haina kitu. Ukijibu Marahaba najua uko sawa. Ukijibu niletee chumvi, nafunga kibanda nakuja na pikipiki, na nikifika wala sitaanza kuongea mimi. Usipojibu mpaka Jumatano nakuja vilevile, na chumvi nitakuwa nimebeba.