Upimaji wa mikoko Mikindani, Jumamosi

Assalam aleikum wanakikundi. Jumamosi tukutane Mikindani maji yakianza kupwa, tupime mikoko ya hori la Tudor, Mombasa. Pikseli (nukta moja ya picha) ya setilaiti ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10; humo aina za mikoko kama mchu na mkandaa, pamoja na tope, vyote huchanganyika, kwa hiyo lazima tushuke wenyewe na kamba, tupige viwanja vya ukubwa huohuo. Unene wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka chini, ila mkoko wenye mizizi ya kuning'inia ni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Jamani, msikisie! Tuhesabu vipande vya msitu pia: hekta 10 za msitu mmoja si sawa na hekta 10 zilizokatika-katika, kingo huzidi na wakataji hupenya kirahisi. Nani ana tepu ya mita 50?