Kigae cheupe mlichoturudishia si chetu

Kwa Meneja wa Huduma za Ufundi,

YAH: SPEKTROFOTOMETA KUREJESHWA NA KIGAE KISICHO CHAKE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Wiki 6 zilizopita mliifanyia matengenezo spektrofotometa tunayopimia rangi za vitambaa. Ilirudi safi, na cheti juu. Tatizo ni kigae cheupe cha kusawazishia (kile ambacho kifaa hukisoma kwanza ili kijue nyeupe ni ipi) kilichokuja nayo: namba iliyo nyuma yake hailingani na namba ya kifaa chetu.

Mnajua kuliko mimi kwamba kila kigae kina vipimo vyake, na vipimo hivyo ndivyo vilivyohifadhiwa ndani ya kifaa. Ukikipa kigae cha mwenzake hakigomi. Kinakubali, kinaandika "tayari", halafu kinapotosha kila sampuli bila haya.

Kwenye vitambaa vyeusi hatukuona kitu, maana huko mwanga unaorudi ni mdogo na kosa hujificha. Ndiyo sababu tulichelewa. Tulishtukia kwenye rangi za krimu. Tuna kipande cha krimu tunachokitunza gizani kwa ajili ya ukaguzi. Kabla ya matengenezo b* yake (kipimo cha unjano) ilikuwa 8.4, sasa inasoma 7.6. Mwanga ni D65 uleule (kiwango cha mwanga wa mchana), mwangalizi wa nyuzi 10 yuleyule (pembe ya kuona inayotumika kwenye hesabu), tundu la kupimia lilelile. Mnunuzi wetu havumilii delta E (jumla ya tofauti ya rangi) inayozidi 1, kwa hiyo 0.8 imeshaliwa kabla hatujachovya hata uzi mmoja. Majora 14 yamerudishwa, na kwa kifaa chake yeye ana haki.

Nilipopiga simu, fundi wenu alisema labda sampuli zina unyevu au tumezikunja vibaya. Tunakunja tabaka 4, tunasoma sehemu 4 huku tukizungusha kitambaa robo kila mara. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote. Kisha akanitumia jedwali linaloonyesha kifaa kimesoma kigae mara 20, na tofauti haikuzidi 0.03. Sibishi. Lakini kigae hicho ndicho kilichotumika kukisawazisha! Kurudia jibu lilelile hakulifanyi liwe sahihi, na hapo shahidi na mshtakiwa ni mmoja.

Naomba mturudishie kigae chetu, au mtupe kipya na kuingiza vipimo vyake kwenye kifaa. Baada ya hapo mkihakiki upya kwa vigae vya seramiki vya rangi, na joto la chumba liandikwe, kwa kuwa vigae vyekundu na vya chungwa hubadilika rangi vikipata joto. Cheti kipya kitaje namba ya kifaa na ya kigae. Cha sasa hakitaji kigae kabisa. Kuhusu gharama ya majora yaliyorudi, nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 7.

Kigae mlichotuletea nimekifunga kwenye kasha lake, uso wake haujaguswa. Tafadhali mtafuteni mwenye kigae hicho haraka. Huenda chetu kiko kwake, naye anapima.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa maabara ya rangi