Barua kwa dada yangu wa Wete, Pemba, mshona kofia

Dada yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Sisi huku Unguja hatujambo sote, mama anakusalimu na anauliza kapu lake. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili huku nakuna nazi. Unataka kujua kama hawa wanaouza vitu mtandaoni wanapata kweli au wanajionesha tu, na kama wewe na kofia zako mna nafasi humo. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa wiki hii wewe ni wa nne kuniuliza, nami nimechoka kurudia. Jina lako nimelisitiri, usininunie.

Wanapata. Nami napata. Mwaka wa tatu huu naweka kofia kwenye soko moja la mtandaoni, lile ambalo wauzaji wengi wamo humo humo na mteja anachagua, na pembeni nina katalogi yangu ya WhatsApp. Nimeuza Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na mara mbili Maskati kwa mkono wa abiria. Jirani yangu wa udi hata kibanda hana. Anachanganya udi wake uani, kavaa deraa, na mzigo wa Ramadhani unamalizika kabla mwezi haujaandama.

Sasa tuje kwa yule tajiri wako anayekununulia kofia ili akauze. Anakupa 35,000 kwa kofia ya kiua, ile ya vitobo ya kushona kwa mkono, uliyokaa nayo wiki tano, kisha unaikuta sokoni Darajani inauzwa 90,000, na roho inakuuma. Mimi nilipoanza nilidhani kazi yote ni kumruka mtu huyo, ile tofauti aliyokuwa akila yeye niile mimi. Nikamruka. Ndipo nikajua alikuwa akifanya nini. Yeye ndiye aliyekuwa akizifua, akizitia wanga, akizipanga kwa saizi, akizivusha bahari, akikaa nazo miezi mpaka Idi, na kusikiliza maneno ya wanunuzi. Ukimtoa yeye, shughuli zake hazitoki. Zinahamia barazani kwako.

Nipigie hesabu pamoja. Kofia moja 90,000. Soko langu linakata asilimia 10, hizo 9,000. Bafta, kitambaa chenyewe cha pamba, na uzi 8,000. Wanga, bahasha na bando, tuseme 4,000. Kutoa pesa kwa wakala 2,000. Usafiri analipa mteja. Inabaki 67,000. Kwa tajiri, ukitoa bafta na uzi, ilikuwa inabaki 27,000. Gawa kwa wiki tano: mtandaoni 13,400 kwa wiki, kwa tajiri 5,400. Ni zaidi ya maradufu, alhamdulillahi, lakini huyo anayekwambia umwachishe mumeo kazi ya nyavu kwa ajili ya kofia hajawahi kushika sindano.

Na sasa kosa langu, ulijue kabla hujalifanya wewe. Mwaka juzi, mfunguo sita, mzee mmoja wa Dar aliniagiza kofia 6 za harusi ya mwanawe, yeye na ndugu zake. Akaniletea saizi: mbili za inchi 21 na nusu, tatu za 22, moja ya 22 na nusu. Nikazipima zikiwa zimetoka mkononi kwa mshonaji, nikaona sawa, nikazifua, nikatia wanga, nikazifunga vizuri, nikazipeleka bandarini Malindi, hapa hapa Unguja. Ijumaa usiku mzee ananitumia picha. Kofia imekaa utosini kama kifuniko cha birika. Bafta ikifuliwa mara ya kwanza inarudi, inakuwa ndogo, na mimi mtoto wa mshona kofia nilisahau! Nne kati ya sita hazikuingia. Nusu inchi tu, upana wa ukucha, na harusi ni kesho.

Akanipa nyota mbili na maneno haya: kazi nzuri, vichwa havikuingia. Nililia, sikufichi. Nilitaka kuwaandikia wenye soko wayafute. Mwishowe nikaandika chini yake, mbele ya watu wote, kwamba nilipima kabla ya kufua, kosa ni langu, kofia nne zirudi kwa gharama yangu na pesa yake hii hapa. Mzee hakuagiza tena mpaka leo. Lakini mama mmoja wa Tanga aliagiza tatu na akaniambia alisoma yale majibu kabla hata hajatazama picha.

Kwa hiyo: fua, tia wanga, ivute juu ya sufuria iliyofudikizwa, anika kivulini, na ikishakauka kabisa ndipo upime. Pima ndani. Futi ya fundi isimame kwa ukingo wake, izunguke ukuta wa ndani wote mpaka ikutane. Kisha pima tena baada ya sala, macho yakiwa mapya. Na usimuulize mteja "saizi gani?" Atakujibu "ya kawaida", na mimi tangu nizaliwe sijakiona kichwa cha kawaida. Mwambie achukue uzi, auzungushe juu ya masikio na juu kidogo ya nyusi, kisha aulaze kwenye rula akutajie namba. Wa Ulaya watakutajia sentimita. 22 ya kwetu ni kama 56 yao.

Picha zako nimeziona. Usichukie, lakini kofia nyeupe juu ya shuka nyeupe ni kama maziwa ndani ya tui, mtu haoni kitu. Toa kaniki, ile nguo nyeusi, kwenye sanduku la bibi, itandike barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, weka kofia juu yake. Vitobo vyote vitajitokeza. Picha ya pili inyanyue kofia dirishani, mwanga upite kwenye vile vitobo. Ya tatu, na hii ndiyo inayouza kuliko zote, igeuze ndani nje. Kofia za mashine zimejaa humo mtandaoni, nzuri kwa juu na rahisi, na mtu aliye mbali hawezi kuipapasa yako akajua. Akiona upande wa ndani, uzi unavyorudi na vifundo vyake, atajua kuna mtu aliyekaa na sindano. Mimi tangu nianze kuonesha ndani, wa kuniambia "mbona ghali" wamepungua.

Kukosa kuuza, dada, siku hizi hakunitishi. Ninachokuogopea ni kuuza kuliko mikono. Kuna mwezi nilipata oda 19 ndani ya siku 10, nikakubali zote kwa furaha, na mikono ilikuwa minne, yangu na ya wifi. Zilizofika kwa wakati ni saba. Na kwenu Pemba ni zaidi, maana msimu wa karafuu ukifika nani atabaki ndani na kofia? Hata watoto wa skuli wako mikarafuuni. Ramadhani nayo inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, haisubiri mavuno wala haikusubiri wewe. Basi pale panapoandikwa idadi, andika zilizomo kashani zimekauka na zimepimwa. Za kichwani usiziandike. Ukiwa na tatu, andika tatu.

Na siku za kufika, usitaje za matumaini. Mzigo wako unatoka Wete kwa gari hadi Chake, Chake hadi Mkoani, unapanda boti hadi Unguja, kisha boti nyengine Dar. Kusi likivuma, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mkondo unachafuka na boti inaweza isiondoke. Wewe mwambie mteja siku kumi, ukifikisha kwa sita atakuombea dua.

Pesa: ukipata ujumbe kwamba umetumiwa, usifunge mzigo kwa ule ujumbe. Wapo wanaouandika wenyewe, na herufi zake na neno "imethibitishwa", na wanautuma kutoka namba ya kawaida kabisa. Angalia salio kwa mkono wako. Na zile namba sita za siri zinazokuja kwenye simu, asikuombe mtu, awe amejiita nani. Nilidhani nimempoteza mteja mmoja mkali kwa kumwambia nasubiri salio lisogee. Hakurudi kwa saa mbili, kisha akarudi kimya na pesa ya kweli.

Wateja wako wawe pia kwenye daftari lako, lenye majina, saizi na mwezi waliponunua. Soko la mtandaoni ni nyumba ya mtu. Jumia, lile soko la mtandaoni, kwa ukubwa wake wote, ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019, na wenye maduka humo walilazimika kutafuta pengine. Mimi daftari langu ni lile la hesabati la mwanangu, kurasa za nyuma. Kila Shaaban nalifungua, namwandikia aliyewahi kununua: una kichwa cha 22, nina mbili za 22, unataka kuona?

Umeniuliza pia habari ya shoga yako wa sabuni ya mwani. Biashara nzuri, na mwani wenyewe ukiuzwa mkavu kwa kilo hauna kitu, akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwaka 1989 na bado bei inawaumiza. Ila sabuni inapakwa mwilini, kwa hiyo apite kwanza kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kabla ya picha, kabla ya lebo. Kofia haina shida hiyo. Na tafadhali, ile picha yako uliyoweka kofia juu ya karafuu, kweli imependeza, lakini iondoe. Karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, na watu wawili tayari wameniuliza pishi ya karafuu ni bei gani.

Basi anza na zile tatu zilizo kashani, hizo tu. Zifue upya. Nimempa mtoto wa ami futi ya fundi, ile ya manjano, anakuja na boti ya Jumatano, ameifunga ndani ya kanga pamoja na kahawa yako. Tumia upande wa inchi, sentimita nitakufanyia mimi. Na kapu la mama mpe arudi nalo.

Mdogo wako,
Unguja