Sura za wachezaji ziache Tabora

Kibirizi, Kigoma

Ndugu yangu Kasimu,

Salamu za huku ziwani. Sisi wazima, na mama anakuulizia: ile asali imekwisha. Picha za kazi zako unazotaka kuombea nafasi ya kusomea sanaa chuoni nimezipata kwenye simu, nikazipitia moja moja umeme uliporudi.

Nianze na lile usilotaka kulisikia. Zile sura za wachezaji mpira na wanamuziki ulizochora kwa penseli, toa zote. Zimefanana nao, hakuna wa kubisha, na najua ndizo zinazokulipia kodi ya chumba. Lakini mwalimu anayechagua wanafunzi akiona mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye simu, anachopata kukijua ni kwamba wewe ni mvumilivu. Mwanga uliamuliwa na kamera, na pua ilikaa kamera ilipotaka. Yeye anataka kujua unaamua nini ukikaa mbele ya kitu chenyewe, kivuli kinahama na mtu unayemchora anataka kwenda zake. Ndiyo maana ile ya bibi yako akichambua mchele lazima ibaki. Mkono wa kushoto umeuchora mkubwa mno, sawa, lakini pale ulikuwepo.

Kuna chuo Marekani, Rhode Island School of Design, ambacho kwa miaka mingi kiliwataka waombaji wachore baiskeli. Baiskeli, basi. Hebu jaribu leo bila kuitazama. Utashangaa: umeipanda tangu utoto, lakini ukifika kwenye mnyororo hujui unapita wapi, na fremu inakataa kukutana na gurudumu la nyuma. Ukimaliza kuumbuka, nenda kaketi kwa fundi baiskeli uichore upya ikiwa imepinduliwa, imefunguliwa, vyovyote utakavyoikuta. Michoro yote miwili nitumie, ule mbovu usiufiche.

Wala usinijibu kwamba mchoraji Edward Saidi Tingatinga hakupitia chuo chochote cha sanaa. Najua. Alipaka rangi za baiskeli juu ya vibao pale Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972, na tangu hapo maduka ya watalii yamejaa tembo wa watu wengine wanaomwiga. Kwa hiyo tembo wako nao nimewatoa. Afadhali umfikirie mchoraji Sam Ntiro, ambaye alisoma Makerere na baadaye Slade, chuo cha sanaa cha London. Huko kote aliendelea kuchora watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini na kwenye shughuli zao, na mwaka 1960 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York likachukua picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Wewe umezungukwa na warina asali, una ile stesheni yenye abiria waliolala juu ya mizigo wakingoja treni, halafu unachora mshambuliaji wa Ulaya!

Ukikosa watu wa kukaa kimya, njoo huku mwezi ukiwa mkubwa. Wavuvi wa dagaa hawatoki siku hizo, maana taa haziwavuti dagaa penye mbalamwezi. Wanashinda ufukweni wakishona nyavu na kubishana, na mtu anayeshona wavu ana subira kuliko yeyote ninayemjua. Chukua daftari dogo, usiogope kuharibu kurasa. Vyuo vingine hupenda kuona hata daftari lenyewe.

Idadi: vyuo vingi vya Marekani hutaka kazi kati ya 10 na 20, kila kimoja na masharti yake, yasome. Kazi kumi nzuri zina nguvu kuliko kumi hizohizo ukizichanganya na dhaifu. Zipige picha nje kivulini, asubuhi, bila mwanga wa simu, maana penseli inang'aa. Simu iwe sambamba na karatasi, kisha ukate kingo. Katika moja ya ulizonituma naona kidole chako cha mguu. Andika umetumia nini, vipimo na mwaka. Kwenye maelezo usianze na "tangu utotoni napenda kuchora". Wote wanaanza hivyo.

Kuhusu wapi uombe, mimi nasema omba kote, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani pia. Hapa nyumbani kiwango cha chini cha kawaida ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, na C yako na D inavuka; kinachobaki ni kusoma masharti ya kozi yenyewe katika mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Shahada za sanaa za Marekani zipo za aina mbili: ile ambayo karibu theluthi mbili ya masomo ni kazi za mikono studioni, na ile ambayo studio ni kama theluthi tu, mengine ni historia, lugha, hata hesabu. Wewe unayesoma kila gazeti linalofungia maandazi, ya pili ingekufaa. Ila kabla ya kupenda chuo tazama kwanza ukurasa wa ufadhili kwa wanafunzi wa nje. Ukiona hawasemi kitu, pita. Ada ya maombi ikikushinda, waandikie uombe usamehewe kuilipa. Vingi vina utaratibu huo.

Na mwalimu wako wa kidato cha sita mwone wiki hii akuandikie barua, kabla shule hazijafunga akaenda kwao.

Nduguyo,
Hamisi