Risala ya Wanafunzi wa Uzamili wa Jioni, Uongozi wa Maendeleo Endelevu, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,
Wahadhiri wetu, waajiri mlioitikia mwaliko,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kutupa Jumamosi yako. Tungeweza kumwalika mwanasiasa. Tumekualika wewe kwa makusudi kwa kuwa umeajiri watu wengi, na risala hii inawahusu zaidi waajiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni watu wa kazi: maafisa ugavi, wahandisi, wahasibu, maafisa mazingira wa halmashauri. Tunatoka ofisini, tunakutana na foleni ya Barabara ya Morogoro, na saa kumi na moja na nusu jioni tunatakiwa tuwe darasani. Wanaochelewa hawaulizwi sana, maana mara nyingine mhadhiri naye yumo kwenye foleni ileile.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilielekeza wizara ziwe na vitengo vya mazingira na halmashauri ziwe na maafisa mazingira. Vyeo basi vipo. Kinachowasumbua wenye vyeo ni jinsi ya kumfanya mkuu wa fedha aisome ripoti yao mpaka ukurasa wa pili, na hilo ndilo tunalokuja kujifunza.

Tukupe mfano. Mwenzetu ni afisa ugavi katika shule ya bweni. Serikali ilipopiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, shule yake ilinunua majiko ya gesi. Alipoanza kuandika kazi yake ya muhula, majiko yalikuwa stoo chini ya turubai, na kuni zinaingia kwa lori kama kawaida. Angeweza kuandika kwamba jamii inahitaji elimu, akajipatia maksi zake. Yeye akaenda jikoni alfajiri. Mpishi mkuu akamwonyesha: ugali wa shule nzima husongwa na watu wawili wenye miko mirefu, wakiukandamiza kwa nguvu zote, na lile jiko la miguu myembamba lilikuwa linayumba. Mpishi mmoja alishamwagikiwa uji wa moto. Nani angelirudia?

Kisha akaenda kwa mhasibu, akakuta la pili. Kuni hukopwa, mwenye lori hulipwa wazazi wakishaleta ada. Gesi inataka fedha mkononi kabla mtungi haujashushwa. Akaiandikia bodi ya shule mapendekezo mawili: majiko yajengewe kitako cha tofali na saruji, na muuzaji wa gesi aombwe mkataba wa kulipwa kwa muhula. Bodi imekubali la kwanza. La pili bado linavutana.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa maoni yetu, safari hiyo inapita kwa mpishi yule na mhasibu yule.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwenzetu alibahatika, kwani mkuu wake wa shule alimfungulia vitabu. Wengi wetu tunasoma kwa kujificha, tukihofia kuonekana tunatafuta kazi kwingine. Yupo ambaye bosi wake anaamini jioni huwa anakwenda mazoezi! Matokeo yake tunaandika tasnifu kuhusu kampuni za nchi za mbali, ilhali daftari la dizeli ya jenereta liko mezani kwa jirani yetu ofisini.

Hatuombi mwajiri atulipie ada, ingawa akitaka hatutamzuia. Tunaomba ruhusa ya siku za mitihani, na tuone bili za umeme, daftari la dizeli na risiti za mzoa taka. Jina la kampuni tutalificha ikihitajika. Kwa uongozi wa chuo tuna moja tu: maktaba ikifungwa saa mbili usiku, sisi wa jioni tunaiona kwa nje.

Tumeandaa barua ya makubaliano kati ya mwanafunzi, mwajiri na chuo, ukurasa mmoja tu. Nakala iko mbele yako pamoja na kalamu, na tungefurahi kampuni yako ikiwa ya kwanza kuisaini.

Tunaomba kuwasilisha.