YAH: HITA KUFUNGWA CHUMBA CHA PAMPU, NA NILIVYOJIBIWA KAUNTA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia. Naandika kwa heshima, ingawa dukani kwako mimi sikuipata.

Nilifika na hita ya kupashia maji ya tangi la samaki, imepasuka, na samaki wangu waliokufa wakiwa kwenye mfuko. Kijana wako wa kaunta hita hakuitazama hata kidogo. Aliuinua mfuko, akasema, "Mama, hawa si wa kukaanga tu?" Watu kwenye foleni wakacheka.

Hita hiyo aliifunga fundi wenu. Tangi ni la lita 200, na la kuchujia liko chini yake kabatini, lina vyumba vitatu. Yeye akaisimamisha chumba cha mwisho, kwenye pampu ya kurudisha maji juu. Ndugu Meneja, mnauza matangi, mnajua: maji yakipungua kwa mvuke, hupungua chumba hichohicho. Nilimuuliza kwa nini asiilaze chumba cha kati, ambako maji yanapita muda wote na kina hakibadiliki. Akajibu waya haufiki! Basi hita ikawa inawaka nusu yake iko nje ya maji, na yalipoongezwa, kioo kikapasuka. Ningekuwa nimetia mkono humo, leo barua hii ungeandikiwa na ndugu zangu.

Nikapiga simu, mkasema fundi anakuja kesho. Kesho yenu haikufika. Hii ni Arusha, tena Julai. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea nyuzi 24 hadi 27. Kipimajoto kilisoma 17.

Narudia ya kaunta, maana hukuwepo. Mfuko hakuuinua tu. Aliugeuzageuza mpaka yule wa njano, niliyemlea tangu akiwa kama ukucha, akaonekana vizuri kwa wote. "Hawa si wa kukaanga tu?" Kisha akautupa kwenye ndoo ya taka bila hata kuniuliza. Msimamizi wake alikuwa pembeni, anachezea simu. Hakusema neno.

Nilipoanza kuandika nilitaka hita mpya tu ya wati 200, ilazwe chumba cha kati, na waya utafutwe unaofika. Sasa naona haitoshi. Nataka na bei ya samaki. Nataka na hela ya ufundi, yote, kwa sababu ufundi wenyewe haukuwepo. Na kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo kama walivyokuwepo siku ile.

Nasubiri hadi Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo hita, risiti na picha zote zinakwenda Tume ya Ushindani, nami sitapokea simu ya kubembelezana.

Fundi yule asitumwe tena kwangu.

Mteja wenu,
Njiro, Arusha